Kwenye Makaburi ya Askari wa Kituruki, Berlin: Ziara na Mazingatio

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.



Waturuki wana neno wanaloliita makaburi ya askari wao: Şehitlik. Hata asiyejua Kituruki, mtu wa Pwani akilisikia hulitambua asili yake, kwani limetokana na neno shahidi ambalo sisi pia tumelipokea kutoka katika Kiarabu. Maana yake ni mahali pa mashahidi. Mjini Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, uko msikiti wenye jina hilo, na umeitwa hivyo kwa sababu umejengwa ubavuni mwa makaburi ya zamani ya Dola ya Uthmaniya. Tulijaaliwa kupazuru mahali hapo mwezi wa Mei, tulipokwenda kuwatembelea jamaa zetu wanaoishi nchi hiyo. Tumeona si vyema kurudi na habari zake tukazikalia, kwani zina mafunzo kwa kila nyumba yenye mtoto anayekua.

Mahali penyewe

Makaburi hayo yapo kando ya barabara pana iitwayo Columbiadamm, katika mtaa wa Neukölln ambamo wahamiaji wengi wa Kituruki na wa Kiarabu wanaishi. Jirani yake ni uwanja wa Tempelhof, uliokuwa uwanja wa ndege mpaka mwaka 2008, na leo ni mbuga wazi ya watu kutembea, kuendesha baiskeli na kurusha tiara. Ukitoka upande huo huwezi kupotea. Minara miwili ya msikiti yenye urefu wa mita 37 na kitu huonekana mbali, na kati yake kuba kubwa lililofunikwa kwa rangi ya kijivu cha risasi. Ujenzi wa msikiti wenyewe ulianza mwaka 1999, nao ukafuata mtindo wa kale wa misikiti ya Istanbul. Kabla yake palikuwa na msikiti mdogo tu mahali hapo.

Kilichotugusa mwanzo ni namna watu wanavyoingia. Anayekwenda kusali hupita kwanza kando ya makaburi. Mawe ya makaburi yamesimama chini ya miti, mengine yameandikwa kwa herufi za Kiarabu kama Waturuki walivyokuwa wakiandika kabla ya mageuzi ya mwaka 1928, mengine kwa herufi za Kilatini. Watoto wa madrasa hupita na mikoba yao, kina mama hupita na vikapu vyao, wazee hupita na fimbo zao, na kila mmoja hana budi kuwaona maiti kabla ya kuiona mihrabu. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu watu kuzuru makaburi baada ya kuwakataza, akaeleza kwamba ziara hiyo hukumbusha Akhera. Hapo Berlin ukumbusho huo unawajia watu mara tano kwa siku bila ya wao kuutafuta.

Tulisimama, tukawatolea wenyeji wa makaburi salamu aliyotufundisha Mtume (S.A.W.), ile ambayo ndani yake Muislamu hukiri kwamba yeye naye, Mwenyezi Mungu akipenda, atawafuata. Tukatahadhari tusikanyage kaburi wala kuliegemea, kama ilivyo adabu. Kisha tukaanza kusoma mawe.

Jambo moja tuliligundua kwa kutazama jinsi makaburi yalivyoelekezwa. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla kiwe kaskazini, kwa kuwa Makka iko takriban sawasawa juu yetu. Berlin kibla ni kusini-mashariki. Kwa hiyo maiti wa Makupa hulazwa ubavu wa kulia akielekea upande mmoja, na maiti wa Columbiadamm akielekea upande mwingine, na wote wawili wanaitazama Nyumba moja.

Balozi aliyefia ugenini

Chanzo cha makaburi haya hakikuwa vita. Mwaka 1797 Dola ya Uthmaniya ilimpeleka Berlin balozi wa kukaa, Ali Aziz Efendi, mtu aliyezaliwa kisiwa cha Krete. Alikuwa mwanachuoni mwenye kuelekea tasawwuf, na mwandishi wa kitabu cha hekaya kiitwacho Muhayyelat. Hakukaa sana. Mwezi wa Oktoba mwaka 1798 akafariki dunia katika mji ambao haukuwa na hata shubiri moja ya ardhi ya kuzikia Muislamu. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, akatoa kipande cha ardhi nje ya mji, na balozi akazikwa huko. Miaka michache baadaye, mwaka 1804, mjumbe mwingine wa Dola akazikwa jirani yake.

Zaidi ya nusu karne ikapita, na mahali hapo pa mwanzo pakahitajiwa kwa ujenzi wa kambi ya jeshi. Hapo ndipo ilipotolewa ardhi hii ya sasa, na mwaka 1866 mabaki ya wale wa mwanzo yakahamishiwa hapa. Katika zama za Sultani Abdulaziz kukajengwa katikati ya kiwanja mnara wa kumbukumbu wenye hilali kileleni, nao upo hadi leo.

Twalitaja hili kwa sababu lina haki ya kutajwa. Mfalme asiyekuwa Muislamu alimpa Muislamu mgeni mahali pa kuzikwa kwa mujibu wa dini yake, na ukarimu huo umedumu zaidi ya miaka 200. Wema wa jirani huandikwa, hata kama jirani si wa dini yako.

Vijana wa hospitali

Kisha vikaja vita vikuu vya kwanza vya dunia. Dola ya Uthmaniya iliingia vitani mwaka 1914 ikiwa upande wa Ujerumani, na urafiki huo ukawaleta askari wa Kiuthmani mpaka Ulaya ya kati. Kuanzia mwaka 1916 kikosi kikubwa cha jeshi la Kiuthmani kilipigana na Warusi huko Galicia, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Wagonjwa na majeruhi wa Dola walitibiwa katika hospitali za Ujerumani, na waliofia Berlin wakaletwa kuzikwa Columbiadamm. Hao ndio walioyapa makaburi jina la Şehitlik.

Mwenye kuzuru akitarajia habari za mapanga na farasi atashangaa. Askari waliolala hapa walifia kitandani. Walifariki kwa vidonda vilivyooza, kwa vifua, kwa homa, miongoni mwa wauguzi ambao hawakuijua lugha yao. Wengi wa askari wa Dola ile walikuwa watoto wa wakulima, na nyumbani barua ikija ilibidi wamtafute mwenye kujua kusoma. Tulisimama mbele ya mawe hayo tukawafikiria kina mama zao. Mama wa Anatolia aliyemuaga mwanawe mlangoni hakuweza hata kuliwaza jina la mji huu. Sisi tuliolifika kaburi tulipanda ndege. Yeye hakuliona mpaka akafa.

Waliowaita vitani

Hapa hatuna budi kueleza jinsi vijana wale walivyoitwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1914 fatwa zilitolewa Istanbul kwa jina la Sheikhul Islam, zikawataka Waislamu wote wa dunia wapigane jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Lakini Ujerumani na Austria, ambazo nazo zilitawaliwa na wafalme wa Kikristo, hazikuguswa, kwa kuwa zilikuwa washirika. Neno kubwa la dini likafanywa silaha ya mapatano ya wafalme.

Wajerumani waliipenda sana fatwa hiyo. Mjumbe wao mmoja aliyekaa Cairo miaka mingi, Max von Oppenheim, aliishauri serikali yake namna ya kuwachochea Waislamu walio chini ya maadui zao. Kusini ya Berlin, mahali paitwapo Wünsdorf, kukajengwa kambi ya mateka Waislamu waliokuwa wamepigania Uingereza na Ufaransa: Wahindi, Waaljeria, Wamoroko, Watunisia. Mateka hao wakajengewa msikiti wa mbao wenye kuba na mnara, ukafunguliwa mwezi wa Julai mwaka 1915. Ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika ardhi ya Ujerumani kwa ajili ya ibada. Walipewa ruhusa ya kusali, kufunga na kuchinja kwa sharia, na pamoja na hayo wakahubiriwa wageuke wakapigane upande wa pili. Waliokubali wakapelekwa mashariki.

Leo msikiti ule haupo. Kuna njia tu inayoitwa Moscheestraße, yaani njia ya msikiti, na karibu yake, Zehrensdorf, makaburi ya mateka wa Kihindi zaidi ya 200 waliofia kambini. Msikiti uliojengwa ili kuvuna askari ulibomolewa haja yake ilipokwisha.

Na kwetu je? Mwezi uleule wa Novemba 1914, vita vya Tanga vilipiganwa, na Waislamu walikuwamo pande zote mbili. Wajerumani walikuwa na askari wao Waswahili, Wamanyema na Wasudani, nao Waingereza walikuwa na vikosi kutoka India, kisha wakawaongeza sana askari wa Kiafrika. Na nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi. Ni hao wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi maelfu kwa maelfu waliangamia, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mombasa tunazo sanamu za askari wa vita vile, na kila siku tunapita mbele yake. Lakini makaburi ya wapagazi aghalabu hayana hata jiwe.

Hata Berlin yenyewe ina mtu wa kwetu. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kisudani. Akiwa mtoto aliingia katika jeshi la Wajerumani pamoja na babake, na vita vikamkuta humo. Mwaka 1929 alifika Berlin, akawadai mshahara wa kijeshi yeye na babake ambao haukuwahi kulipwa. Hakuupata. Akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Serikali ya Hitler ikamkamata mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba kiliwekwa chini mbele ya nyumba aliyokaa, katika njia ya Brunnenstraße. Huyu aliitoa utoto wake kuipigania bendera, na wenye bendera wakamuua.

Makaburi mawili

Sasa tunaingia katika jambo zito, ambalo tungeweza kulinyamazia lakini tumeona kulinyamazia ni khiyana. Katika ua huohuo wa mashahidi wamezikwa watu wawili ambao hawakufia hospitalini. Majina yao ni Bahaeddin Şakir na Cemal Azmi. Wote wawili waliuawa kwa kupigwa risasi mjini Berlin mwezi wa Aprili mwaka 1922, na waliowaua walikuwa Waarmenia waliokuwa wakilipiza kisasi.

Kisasi cha nini? Wakati wa vita, kuanzia mwaka 1915, serikali ya Dola iliwahamisha Waarmenia kutoka miji na vijiji vyao, na katika kuhamishwa huko mamia ya maelfu waliangamia, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wachanga. Bahaeddin Şakir alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mpango ule, na Cemal Azmi alikuwa gavana wa Trabzon. Hatusemi haya kwa kuwasikiliza maadui wa Waturuki. Baada ya vita, mahakama za kijeshi za Dola yenyewe, zilizokaa Istanbul chini ya khalifa, ziliwahukumu kifo wote wawili, hali wao wamekwisha kimbilia Ujerumani.

Na wapo Waislamu waliokataa. Mehmed Celal Bey alikuwa gavana wa Halab, kisha wa Konya. Alizipinga amri za kuwahamisha Waarmenia, akawasitiri alioweza kuwasitiri, na akapoteza cheo chake. Kwa hiyo haifai mtu aseme kwamba zama zile hakuna aliyeijua haki.

Aliyekwisha kufa hisabu yake iko kwa Mola wake, na sisi hatukwenda Columbiadamm kutukana maiti. Lakini kumuachia Mwenyezi Mungu hisabu ya mtu si sawa na kumpa mtu huyo cheo ambacho Mwenyezi Mungu peke yake ndiye mwenye kukitoa. Kaburi lililo ndani ya ua wa mashahidi halimfanyi aliyemo awe shahidi.

Wala ugonjwa huu si wa Waturuki peke yao. Jirani na ua huo ni makaburi ya kijeshi ya Wajerumani, na humo limo jiwe kubwa la kuwakumbuka askari saba waliojitolea kwenda kupigana Namibia kati ya mwaka 1904 na 1907, vita ambavyo Waherero na Wanama waliuawa kwa makumi ya maelfu. Kwa miaka mingi jiwe liliwataja saba hao tu. Kibao cha kuwakumbuka waliouawa kiliwekwa chini yake mwaka 2009. Kila taifa huwachongea mawe watu wake.

Shahidi ni nani?

Dini yetu haikutuacha gizani katika suala hili. Imam Bukhari, katika kitabu chake cha hadithi sahihi, ameweka mlango mahsusi wa kukataza mtu kukata shauri kwamba fulani ni shahidi. Na Imam Muslim amepokea habari ya watu watatu wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyeuawa vitani. Atadai kwamba alipigana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu mpaka akafa, na ataambiwa kwamba alipigana ili asifiwe ushujaa, na sifa hizo alikwisha zipata duniani. Basi ikiwa aliyefia uwanjani, mbele ya macho ya watu, yumkini asiwe chochote, sisi tunaosoma majina juu ya mawe tutajuaje?

Upande wa pili, Mtume (S.A.W.) aliupanua mlango wa ushahidi kuliko watu wanavyodhani. Aliwahesabu miongoni mwa mashahidi aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini, aliyeangukiwa na jengo, na mwanamke aliyefariki kwa ajili ya uzazi. Kina mama, zingatieni hilo la mwisho. Mwanamke aliyefia chumba cha kujifungulia, aliyezikwa alasiri ile ile na watoto wake wadogo wakabaki kwa nyanya yao, anatarajiwa daraja ambayo watu huichongea minara. Mvuvi wa Pate aliyechukuliwa na kaskazi naye yumo. Na vijana wale wa Columbiadamm waliouawa na homa na matumbo, wakiwa Waislamu wenye kusubiri, tunawatarajia kheri kwa Mola wao, ingawa hawakuonyesha ushujaa wowote ambao mtu angeuimba.

Kwa nini tunalisisitiza hili katika jarida linalosomwa majumbani? Kwa sababu neno shahidi limewahi kuingia katika nyumba zetu likatoka na watoto. Sote twajua. Wapo vijana wa Pwani hii walioondoka usiku bila ya kuaga, wakavuka mpaka kwa kuahidiwa ushahidi, na wapo kina mama ambao hadi leo hawajui kama waweke hitma au wangoje hodi. Aliyewaita hakwenda yeye. Hakumpeleka mwanawe. Tulipozisoma habari za fatwa ya 1914 na msikiti wa Wünsdorf tuliona sura ya mwitaji ni ileile: hutumia maneno ya dini, huonyesha dhulma ambayo ni ya kweli, kisha huelekeza damu ya kijana kwenye haja zake mwenyewe.

Mtume (S.A.W.) alipojiwa na mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda jihadi, alimuuliza kwanza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kwamba wako hai, alimuelekeza jihadi yake iwe kwa wazazi hao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwitaji asiyeuliza habari za mama yako, huyo hakuiti katika njia ya Mtume.

Msikiti ulio hai

Wakati wa adhuhuri ulipoingia tulitawadha, tukaingia kusali. Ndani ya kuba mna maandishi ya kupendeza na nakshi za buluu, na zulia limetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Wanawake wana nafasi yao roshani. Wenzetu wale ni wa madhehebu ya Hanafi, na sisi watu wa Pwani ni wa Shafi. Wao hufunga mikono chini ya kitovu, sisi juu yake. Safu ilikuwa moja. Baada ya salamu mzee mmoja aliyekuwa ubavuni mwetu alitushika mkono akatuuliza kwa Kiarabu cha kuokoteza tumetoka wapi. Tulipojibu Mombasa, akaitaja Afrika kwa furaha, akatukaribisha chai katika vile vibilauri vidogo vya kiuno. Alikwenda Ujerumani kufanya kazi ya kiwandani akiwa kijana, akasema, kwa nia ya kukaa miaka miwili. Sasa ana wajukuu huko.

Tulimuuliza atapenda kuzikwa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza. Ua wa msikiti umekwisha jaa, na siku hizi Waislamu huzikwa katika viwanja vingine vya mji, kimojawapo kiko Gatow upande wa magharibi. Kwa muda mrefu sheria ililazimisha maiti azikwe katika sanduku, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2010 Berlin imeruhusu Muislamu azikwe kwa sanda yake. Hata hivyo kaburi la kawaida huko si la daima. Hulipiwa kwa muda, na muda wa kumpumzisha maiti Berlin ni miaka 20. Ndiyo maana wazee wengi huwausia watoto wao wawasafirishe mpaka Uturuki. Yeye mwenyewe alikuwa hajakata shauri, kwa kuwa wajukuu wako Berlin, na aliyezikwa mbali na wajukuu hazuriwi.

Maneno hayo yanatuhusu sisi pia. Jamaa zetu wengi wako Ulaya, Marekani na Ghuba. Ni familia ngapi zilizokaa zikazungumza mambo haya kabla ya simu ya usiku? Wasia si uchuro. Aliye mbali na aliye karibu na aandike: madeni yake, amana za watu, na atakapozikwa. Na tuliobaki nyumbani tuyaandike majina ya maiti wetu na tarehe zao katika daftari la nyumba, kwani tumeona katika makaburi ya kwetu watoto wakishindwa kumuonyesha mgeni kaburi la babu yao. Hatusemi kujenga juu ya makaburi, hilo limekatazwa. Twasema kuwajua, kuwaombea, na kuwalipia deni.

Nasaha

Kwa wazazi, hasa kina mama, tunausia mambo matatu. Kwanza, mfundisheni mtoto maana ya shahidi kabla hajafundishwa na mgeni. Mwambieni ni nani anayelitoa jina hilo, na mtajieni waliomo: mwenye maradhi, mwenye kuzama, mama aliyefia uzazi. Pili, dhulma ikitokea, ya kwetu au ya kwingineko, msiwakataze vijana kuizungumza. Izungumzeni nao mezani, mchana, ili wasiende kuizungumza gizani na msiowajua. Na tatu, wafundisheni kwamba dhulma haiwi haki kwa kuwa imefanywa na Muislamu. Celal Bey alilijua hilo mwaka 1915, tena kwa hasara ya cheo chake, na jina lake linastahili kujulikana na watoto wetu.

Anayejaaliwa kufika Berlin asiache kupazuru Columbiadamm. Aingie kwa utulivu, avue viatu mlangoni mwa msikiti, na awasomee askari wale Fatiha. Hawana jamaa wa kuwazuru, kwani kizazi kilichowajua kimekwisha.

Ewe Mola wetu, warehemu waliofia ugenini na waliowangoja wakafa hawajarudiwa. Wape subira kina mama wa Pwani yetu ambao watoto wao hawajulikani waliko; walio hai warudishe, na waliokufa uwasamehe. Walinde vijana wetu na kila mwitaji anayewauza. Na sisi utupe mwisho mwema, popote utakapotukadiria kulazwa, nyuso zetu zikiwa zimeelekea Nyumba yako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.